Naomba ushauri: droo chini ya kaunta ya zege

Wakuu, habari za leo. Naombeni ushauri kabla fundi hajawasha grainda.

Jiko ni la mtindo wa zamani: kaunta ya zege yenye kina cha sm 60, imebebwa na vikuta vya tofali, na katikati kuna rafu ya zege. Sufuria zikisukumwa nyuma ya rafu ndiyo basi tena. Kutoa kikaango ni kupiga magoti na tochi ya simu. Nataka rafu itoke, ziingie droo tatu zenye reli za sm 50 zinazofunguka hadi mwisho.

Tatizo ni vipimo. Kati ya kikuta na kikuta, juu ni sm 74.5, chini sm 73.2. Reli haisamehi tofauti hiyo, droo itakwama tu. Fundi alijaribu kufunga reli moja kwa moja ukutani kwa skrubu na plagi, plasta ikamomonyoka. Sasa anashauri boksi kamili la marine board (plywood ya tabaka za mbao zilizogandishwa) ya mm 18, upana sm 72, lisukumwe ndani na mianya izibwe kwa vipande vya mbao. Naona ana hoja.

Maswali yangu:

Rafu ikikatwa, vikuta vitaendelea kubeba kaunta, au rafu ndiyo inayovishika visiyumbe?

Na upande wa sinki, marine board itahimili unyevu au niweke alumini? MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya awali ilivimba kingo zote, hadi bawaba zikang'oka.