Ambergris ndiyo ambari yetu ama ni kaharabu? Naomba msaada wenu

mtembezi_mkomani: Asalam aleikum wakubwa. Mi natembeza wageni hapa Lamu, jana twapita Mkomani kuna nyumba yafukizwa udi, mgeni akaniuliza umetiwa nini wanukia hivi, nikamwambia ambari, kwa Kizungu nikasema amber. Akanionyesha kidani chake cha manjano, akasema amber ndiyo hii, utomvu wa mti. Mwenzake akasema labda wataka kusema ambergris, hilo neno sijapata kulisikia!! Kesho niko nao Shela, nataka niwaeleze sawasawa, lina maana gani na latamkwaje?

bi_langoni: Waaleikum salaam mwanangu. Ambergris ndiyo ambari yenyewe. Hicho cha kidani sisi twakiita kaharabu. Ambari ni ya baharini, yatoka tumboni mwa yule nyangumi wa kichwa kikubwa mla ngisi, midomo ya ngisi ni migumu haisagiki, basi hufanyika bonge na akishalitoa huelea miaka mpaka litupwe pwani. Ikiwa mbichi yanuka vibaya, jua na chumvi ndivyo viipavyo ile harufu tamu.

msomaji_malindi: Bi kasema kweli. Asili ni Kiarabu, anbar, na kwao ilikuwa hii ya baharini. Ilipofika Ulaya kaharabu nayo ikapewa jina hilo hilo, ikawa vurugu, Wafaransa wakatenganisha, ambre jaune ya manjano na ambre gris ya kijivu, Waingereza wakaiokota hiyo ya kijivu wakaiunganisha neno moja. Tena amber ya Kiingereza cha zamani ilikuwa ndiyo ambari, maana ya kaharabu ilikuja baadaye, kwa hivyo ndugu yangu usijilaumu kabisa. Kutamka sema ámbagris ama ámbagriis, zote sawa. Na haihesabiki, usiseme an ambergris, sema a lump of ambergris. Waambie pia al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliandika kwamba ambari bora ni ya bahari ya Zanji, yaani huku kwetu!

mtembezi_mkomani: Mashallah, hiyo ya Zanji ndiyo ntaanza nayo. Sasa nkiwaambia ule udi wa jana ulikuwa na ambergris ntakuwa nimesema kweli?

bi_langoni: Hapo muulize mwenye nyumba kwanza. Ambari ya chupa tununuayo madukani siku hizi nyingi ni ya kiwandani, haijamjua nyangumi. Kama ni hiyo waambie ni harufu ya ambari, usiwadanganye wageni wa watu.

mtembezi_mkomani: Ntapita kwake asubuhi kabla ya boti. Shukran sana bi, shukran Malindi.