Naomba ushauri: tulee vijana au tusajili wakongwe?

Ndugu wanachama, mimi ni katibu wa timu ya mpira wa kikapu ya mtaani hapa Dar es Salaam, ambayo msimu huu imeshinda michezo 3 tu, na kamati yetu imegawanyika. Wapo wanaotaka fedha kidogo tulizonazo zisajili wakongwe wawili ili tusishuke daraja. Mimi naegemea kwa vijana, hasa mmoja wa miaka 17 ambaye kila jioni hubaki uwanjani akipiga mitupo huru kwenye ringi isiyo na wavu hadi giza liingie.

Nakiri kwamba Toronto Raptors walimchukua nyota aliyekwisha komaa, Kawhi Leonard, mwaka 2018 wakatwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Amerika Kaskazini, 2019, ingawa aliondoka mara tu baadaye. Kwa upande wa kulea vijana, Philadelphia 76ers wa ligi hiyo hiyo walivumilia hata kufungwa michezo 72 kati ya 82 msimu wa 2015/16, lakini kushika mkia kuliwapa nafasi za juu za kuchagua chipukizi, jambo ambalo kwetu halipo: sisi tukishika mkia tunashuka, na kijana akichanua anachukuliwa na timu yenye fedha.

Mliowahi kulea timu changa, mliwazuiaje vijana wasikate tamaa wala kuhama? Na tukimsajili mkongwe mmoja tu, apewe mkataba wa muda gani?