Kupiga picha za ndege za kivita kutoka nje ya uzio wa kambi: sheria inasemaje, kwetu na Uingereza?

Mpigapicha wa Kibokoni ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu, na salamu kwenu nyote mlio mbali na pwani.

Mimi ni mpigapicha hapa Mombasa. Riziki yangu naipata kwenye harusi na kwenye picha za majahazi, lakini tangu utotoni moyo wangu uko kwenye ndege, na hasa ndege za kivita. Mwezi wa Julai, inshallah, ninakwenda Uingereza kumtembelea dada yangu anayeishi Lincoln, na nimesoma kwamba kambi ya Coningsby, ambako jeshi la anga la nchi hiyo limeweka ndege zake za Typhoon, haiko mbali na mji huo. Nimeona picha nyingi zilizopigwa na raia wa kawaida waliosimama nje ya uzio mchana kweupe, wengine wamekalia viti vyao na birika la chai pembeni, na hakuna askari aliyewafukuza. Jambo hili linanishangaza sana, kwa sababu sisi tumezoea kwamba mtu akiinua kamera kwenye kivuko cha Likoni huitwa kando akaulizwa anapiga nini.

Naomba kufahamishwa mambo haya. Je, mgeni mwenye pasipoti ya Kenya ana haki ya kusimama pale na kamera kama mwenyeji? Lenzi yangu ya milimita 70 hadi 300 itatosha? Na je, hapa kwetu iko njia yoyote ya halali ya kupiga picha ndege zetu za kivita za F-5, au nisahau jambo hilo kabisa?

Wakili wa Tudor amejibu:

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kumtia mtu matatani.

Sheria ya Siri za Serikali ya Kenya, Sura ya 187, inazihesabu kambi za jeshi, na hata meli na ndege za serikali, kuwa mahali palipopigwa marufuku, na inamtia hatiani mtu anayepiga picha ya mahali kama hapo, au anayepiga picha akiwa ndani yake, bila kupata kwanza idhini ya afisa anayepasimamia. Zingatia kwamba sharti hilo halizungumzii uzio. Kusimama kwenye barabara ya umma, kwenye shamba la jirani au juu ya dari ya rafiki yako hakukuondolei hatia, maana kinachotazamwa ni kile ulichokipiga, wala si ardhi uliyoikanyaga. Ikithibitika kwamba nia yako ilikuwa kudhuru usalama wa nchi, kifungo kinaweza kufika miaka 14.

Ukali huu una historia. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilitoka ndani ya jeshi la anga lenyewe. Jeshi hilo likavunjwa, likapewa jina jingine, na halikurudishiwa jina lake hadi 1994. Ndege za F-5 unazozitaja, ambazo Kenya ilianza kuzipokea 1978, makao yake ni Laikipia, karibu na Nanyuki, na sikushauri hata kidogo uende huko ukazunguke na lenzi ndefu, hata kama nia yako ni safi.

Njia ya halali ipo, ila inataka subira. Unaweza kumwandikia mkuu wa kambi au Wizara ya Ulinzi, ueleze wewe ni nani, unataka kupiga nini, na picha utazitumia wapi. Unaweza pia kungoja siku ambazo jeshi lenyewe huzileta ndege zake mbele ya watu: sherehe za kitaifa huwa na ndege zinazopita kwa mpangilio juu ya umati, na wenzetu wa Mombasa watakumbuka kwamba Mashujaa ya 2019 ilifanyika papa hapa Mama Ngina. Mwaka 2022 jeshi liliwaalika wananchi kwenye maonyesho ya ndege pale Uhuru Gardens, Nairobi. Siku kama hizo ndege imeletwa ili itazamwe, na huna sababu ya kujificha.

Kuhusu Uingereza, mtu hahitaji kibali ili apige picha akiwa mahali pa umma, na katika hili mwenyeji na mgeni ni sawa. Hata hivyo mipaka ipo. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 2023, iliyochukua nafasi ya sheria kongwe iliyokuwapo tangu 1911, inampa polisi uwezo wa kumwamuru mtu aondoke kwenye eneo la ulinzi au jirani nalo, na kukataa amri hiyo ni kosa. Ukiambiwa uondoke, ondoka, halafu uulize baadaye. Usibebe redio ya kusikilizia mazungumzo ya marubani, hata ukiwaona wengine wanayo, kwa sababu sheria ya mawasiliano ya redio ya 2006 haikuruhusu kusikiliza yasiyokuhusu.

Na ukitoka Uingereza, usiibebe desturi ya Coningsby ukaipeleka nchi nyingine. Novemba 2001 wapenzi wa ndege 14, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, walikamatwa Kalamata, Ugiriki. Walikuwa na mazoea ya kuandika namba za ndege kwenye madaftari, jambo ambalo kwao ni burudani ya Jumamosi, lakini mahakama ya huko ililiona kuwa ujasusi: Aprili 2002 wanane walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na sita mwaka mmoja uliosimamishwa. Rufaa iliwaachilia wote Novemba ya mwaka huo huo. Waliachiliwa, naam, lakini mwaka mzima wa maisha yao ulikuwa umekwenda na kesi.

Kijana wa Changamwe amejibu:

Shikamooni wakubwa zangu. Kwa heshima zote, mimi naona sheria hii ya kwetu imepitwa na wakati. Sisi wa Changamwe ndege hutupita juu ya mabati kila siku, na setilaiti za mataifa makubwa zinaiona kila kambi ya dunia hii vizuri kuliko lenzi yoyote inayouzwa Mombasa. Adui wa kweli hahitaji picha ya mtoto aliyesimama njiani. Anayeumia ni kijana ambaye angeipenda ndege leo, na kesho akawa fundi au rubani.

Wakili wa Tudor amejibu:

Marahaba mwanangu. Hoja yako ina uzito, na mimi binafsi ningependa kambi zetu zitenge mahali pa watazamaji kama wanavyofanya wenzetu. Lakini sheria hubadilishwa bungeni. Askari wa zamu hana uwezo wa kukuhurumia kwa sababu setilaiti imeona zaidi yako. Yeye amepewa amri, na wewe una kamera mkononi. Tena setilaiti haisemi kwamba saa hii, dakika hii, ndege kadhaa zimeruka kuelekea upande fulani, ilhali picha iliyowekwa mtandaoni papo hapo inasema.

Mzaliwa wa Majengo, sasa Lincolnshire, amejibu:

Kaka wa Kibokoni, karibu sana. Mimi naishi umbali mfupi kutoka Coningsby.

Watazamaji wengi hukaa upande wa barabara ya Dogdyke, karibu na kituo cha wageni cha kikosi cha ndege za kumbukumbu, yaani ndege kongwe za Vita vya Pili vya Dunia, na walinzi wamewazoea. Njoo siku za kazi, kati ya Jumatatu na Ijumaa, kwa sababu mwisho wa wiki mazoezi huwa machache mno, ingawa kambi hii ni mojawapo ya zile ambazo Typhoon hukaa tayari saa 24 kwa dharura. Barabara ya kurukia imelala mashariki kwa magharibi, na ndege huruka na kutua zikiukabili upepo, kwa hiyo uangalie upepo kama unavyouangalia ukingoja majahazi. Hapa upepo wa magharibi ndio unaotawala. Usitarajie kusi wala kaskazi.

Jambo moja litakutatiza wewe uliyezoea Mombasa. Julai jua la adhuhuri kwenu linaelekea upande wa kaskazini na liko juu sana. Hapa hukaa upande wa kusini karibu mchana wote. Ukisimama kaskazini mwa njia ya ndege utapata vivuli vyeusi tu. Simama kusini, jua likiwa mgongoni. Faida yetu ni kwamba jua la Julai huchwa baada ya saa tatu usiku, na mwanga wa jioni unapoipiga Typhoon ya kijivu ubavuni, kila ukurutu wa rangi na kila msumari wa bati lake huonekana.

Usikose ndege za kumbukumbu. Lancaster iliyo hapa, ndege ya kuangusha mabomu, ni moja kati ya mbili tu duniani zinazoruka bado. Nyingine iko Kanada. Na ukipata nafasi ya kwenda Wales, kuna mabonde baina ya Dolgellau na Machynlleth ambamo ndege za kivita hufanya mazoezi ya kuruka chini, hadi futi 250 kutoka ardhini, nawe unasimama kwenye ubavu wa mlima ukiitazama ndege kutoka juu. Unamwona rubani akigeuza kofia yake. Hakuna uzio pale, wala hakuna ratiba ya uhakika. Unaweza kushinda kutwa ukasikia upepo tu.

Fundi wa Lenzi, Kizingo, amejibu:

Milimita 300 zinatosha kwa Coningsby, hasa kama kamera yako ni ya kihisi kidogo, maana picha itakuja kama ya milimita 450. Kwa Typhoon, kasi ya shata isipungue sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa Lancaster na Spitfire fanya kinyume: shuka hadi moja ya 250 au chini yake, uisindikize ndege kwa mwili mzima kuanzia kiunoni, ili rafadha zionekane zinazunguka. Rafadha iliyoganda hewani huifanya ndege ionekane kama imening'inizwa kwa uzi. Ndege ya kijivu mbele ya mawingu meupe hutoka nyeusi, basi ongeza mwanga hatua moja.

Seng'enge isikusumbue: gusisha lenzi karibu na tundu, fungua tundu la mwanga la lenzi kabisa, na waya utayeyuka usionekane kwenye picha. Kitakachokusumbua ni mazigazi. Saa za mchana lami ikishapata moto, ndege iliyo mbali hutikisika kwenye picha na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoliponya hilo. Ingoje ikaribie, au uje asubuhi.

Mpigapicha wa Kibokoni amejibu:

Nawashukuru kwa dhati. Barua ya Wizara ya Ulinzi nitaiandika wiki hii, hata kama jibu litachelewa. Dada wa Majengo, nikishapiga, naweza kuziweka picha mtandaoni siku hiyo hiyo? Na nibebe nini zaidi ya kamera?

Mzaliwa wa Majengo amejibu:

Zikae siku chache kwanza, na uziache kabisa picha za lango, za walinzi na za magari yanayoingia. Beba pasipoti, kwa kuwa polisi wa kambi hupita mara kwa mara na huuliza kwa adabu. Jibu ulivyo, mwonyeshe picha akitaka. Na koti, kaka. Asubuhi ya Julai hapa huweza kuwa baridi kuliko alfajiri yoyote uliyowahi kuiona Mombasa.