Kiraka (marekebisho ya msimbo) cha mistari 11 kimerudishwa mara nne! Wakaguzi, kwa nini hamtaji makosa yote kwa pamoja?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Kuna programu huria ya kujazia fomu, tunaitumia kuandikisha mifugo. Ukiandika "ng'ombe", ikifika kwenye ritifaa inakata, inabaki "ng". Orodha nzima imejaa "ng"! Nikafungua msimbo, nikaliona kosa, nikarekebisha. Mistari 11 tu, pamoja na majaribio yake. Maelekezo yao kwa wachangiaji niliyasoma yote: fuata mtindo wetu, eleza ulichobadilisha. Nikafuata, nikatuma.

Wiki tano kimya. Halafu: hakuna mstari wa Signed-off-by, yaani saini ya mchangiaji. Hilo kosa langu, nakubali, nikaiweka kwa amri ya git commit -s, likaisha. Wiki nne tena: majaribio yawe komiti (fungu la mabadiliko linalohifadhiwa pamoja) ya peke yake. Nikatenganisha. Wiki tatu: tawi kuu (msimbo rasmi wa mradi) limesogea, kiraka kiunganishwe nalo upya. Nikakesha nikiondoa migongano ambayo isingekuwepo kama kiraka kingesomwa mapema. Jana sasa: kichwa cha komiti kimezidi herufi 50. Kichwa ni kilekile cha siku ya kwanza! Siku zote hizo hamkukiona?

Wasimamizi wa Linux (kiini cha mfumo endeshi huria), ambao watu wanawaogopa kwa ukali, mambo haya wameyaandika. Kabla hujatuma unaendesha programu yao ndogo, checkpatch.pl, inakuonyesha palepale kwenye mashine yako wapi umekosea kuacha nafasi, wapi saini haipo. Nyingine, get_maintainer.pl, inakutajia nani wa kumtumia. Signed-off-by wanayo tangu 2004 na maana yake imeelezwa: unathibitisha una haki ya kuutoa msimbo huo. Badiliko moja, kiraka kimoja. Ukirudia unaandika v2 (toleo la pili), na chini ya vistari vitatu (---) unasema umebadilisha nini. Ukirudishiwa, unajua umevunja sharti gani.

Na asije mtu kuniambia wasimamizi wanajitolea. Najua, na ninawaheshimu kwa hilo. Mimi je, nalipwa na nani? Bando langu, umeme wangu, usiku wangu. Kama sharti lipo, liandikwe kwenye maelekezo. Na anayekagua asome mpaka mwisho, ataje kasoro zote kwenye jibu moja, siyo kunidondoshea moja kila mwezi.

Kichwa nimekifupisha, nimetuma tena usiku huu, mara ya tano. Aliyewahi kukwama hivi kwenye mradi wowote aniambie alifanyaje, maana watu wa mifugo wananiuliza kila wiki.