Kifungu cha 37 kifundishweje katika shule ya bweni?

Mwalimu wa Historia na Serikali, Nakuru

Walimu wenzangu, salamu. Kila tunapofikia mada ya demokrasia na haki za binadamu, mimi hukwama pale pale. Wanafunzi hukariri bila shida kwamba Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma. Hata hivyo, tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, ambao Rais alikataa kuutia saini tarehe 26 mwezi huo, wananiuliza kwa nini haki hiyo ikomee langoni mwa shule, ambako kususia githeri (mahindi na maharagwe) yenye wadudu huitwa utovu wa nidhamu. Nikiwajibu kwamba shule ina kanuni zake, darasa hunyamaza bila kuridhika. Nikikubaliana nao, nitaulizwa ofisini ni nani anayechochea mgomo. Sote tunajua mabweni yaliyoteketezwa nchini. Ninyi huwaeleza nini?

Mwalimu, Kisumu

Mwalimu, anza na masharti ya kifungu chenyewe: haki hiyo hutumiwa kwa amani na bila silaha, kwa hiyo anayechoma bweni hawezi kujificha nyuma yake. Usiishie hapo, kwa kuwa somo litageuka mahubiri ya nidhamu, nao wameyasikia ya kutosha gwarideni.

Mimi hutumia utaratibu wa kuwasilisha malalamiko Bungeni, ambao umewekwa na Kifungu cha 119 pamoja na sheria ya mwaka 2012. Mlalamikaji hutakiwa kueleza hatua alizokwisha kuchukua ili suala lishughulikiwe na chombo kinachohusika, jibu alilopata, na kama jambo lenyewe liko mahakamani. Sheria hiyo haiihusu shule, ila muundo wake tunauazima. Kidato cha tatu waliandika kuhusu uhaba wa maji bwenini, na rasimu ya kwanza ilisema tu kwamba shule haiwajali. Wenzao wakawauliza: ni tangi lipi, tangu lini, na nani aliarifiwa? Walipofika sehemu ya hatua zilizochukuliwa, ikabainika kwamba miezi yote hiyo walikuwa wamelalamika wao kwa wao tu. Barua iliyopelekwa hatimaye ilikuwa nusu ukurasa, na kila sentensi iliweza kuthibitishwa.

Mjumbe wa bodi ya shule, Machakos

Zoezi hilo ni zuri, lakini ninatofautiana nawe kidogo, Mwalimu wa Kisumu, kwa sababu barua isiyo na mtu anayelazimika kuijibu humfundisha kijana kwamba kulalamika ni kazi bure. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya usimamizi. Katika shule ninayoihudumia, majina ya wagombea huchujwa kwanza na walimu, kisha aliyechaguliwa huitwa kikaoni ajenda ya fedha ikiwa imekwisha kupitishwa. Wanafunzi hupiga kura, husikia hotuba, na wanaona wazi kwamba waliyemchagua hana lolote analoamua. Hilo nalo ni somo la uraia, na wanalishika haraka kuliko lolote tunaloandika ubaoni. Ningependa bajeti ya chakula ya kila muhula ipitiwe na baraza hilo kabla haijafika kwetu.

Mwalimu, Kakamega

Haya yote ni mema, ila mtihani wa taifa bado utawauliza wataje hoja tano, na silabasi lazima imalizike. Mimi huyafanya katika klabu, Alhamisi jioni.

Mwalimu wa Historia na Serikali, Nakuru

Nashukuru. Je, mwalimu mkuu akikataa kuipokea barua ya wanafunzi?

Mwalimu, Kisumu

Ipitishieni kwa mwalimu mlezi wa baraza, aandike tarehe na kutia saini kwenye nakala inayobaki kwa wanafunzi. Tarehe hiyo ndiyo watakayoitaja watakapoandikia bodi. Mwalimu mkuu wetu naye alisitasita mwanzoni. Alipoona barua haina matusi wala vitisho, aliijibu kwa maandishi, ingawa tangi lenyewe lilisubiri hadi muhula uliofuata.