Mrejesho: Mama amepata dozi ya pili

Asalamu alaikum wapendwa. Mimi ndiye niliyeuliza kama mamangu, miaka 63 na ana sukari, arudi kwa dozi ya pili ya AstraZeneca, chanjo ya korona, baada ya ile ya Machi 2021 kumlaza kwa homa siku mbili. Mlionijibu, ahsanteni sana.

Amechanjwa Jumanne, wiki 12 baadaye. Haikuwa rahisi. Jirani yetu hapa Majengo alishamwambia damu itamganda, mama akakataa hata kuvaa buibui. Nilimkaripia, na hilo najutia. Aliyemtuliza ni muuguzi. Alimvutia kiti, akamwambia kuganda damu kupo kweli ila ni nadra mno, kisha akamtajia dalili za kukimbilia hospitali: kichwa kuuma vikali kwa siku kadhaa, pumzi kubana, mguu kuvimba. Mama aliuliza habari ya mguu mara tatu. Akajibiwa mara tatu, kwa upole uleule. Ndipo akakunja mkono wa dira.

Tukakaa dakika 15 kwenye benchi, tukarudi nyumbani. Usiku mkono ulimuuma, kesho yake akashindwa kukuna nazi, nikakuna mimi. Homa haikuja kabisa. Kumbe kwa chanjo hii dozi ya kwanza ndiyo husumbua wengi zaidi kuliko ya pili. Laiti ningalijua mapema nimwondolee hofu.

Kakangu wa Likoni bado hataki. Ijumaa navuka feri nikamsikilize.