Bei ya mgeni na bei ya mwenyeji uwanja wa gofu: mfumo upi unafanya kazi?

Nyasi_Fupi
Wakuu, tulinganishe mifumo minne ya ada ya kucheza mashimo 18, pale wageni wa nje na wenyeji wanapogombea uwanja uleule.

1. Bei kwa uraia: toa pasi ya kusafiria, utozwe kwa jinsi inavyosema.
2. Bei kwa ukaazi: anayeishi hapa analipa pungufu, awe raia wa wapi.
3. Tiketi ya mwaka kwa wakazi, wengine wote wanalipa bei ya siku.
4. Bei moja kwa wote, inayopanda na kushuka kwa saa na msimu.

Nataka tujadili utendaji wake: nani anakagua, wapi panavuja, mapato yanakuwaje.

Ti_ya_Kwanza
Namba 1 iondolewe mapema. Mgeni mwenye kibali cha kazi, anayekatwa kodi hapa kila mwezi, anatozwa bei ya mtalii. Raia aliyehamia nje miaka mingi anarudi likizo na kupata bei ya mwenyeji. Kama hoja ni kwamba wenyeji wameshauchangia uwanja kwa kodi zao, pasi haipimi hilo hata kidogo.

Tazameni Bethpage, New York. Ni hifadhi ya jimbo yenye viwanja vitano, na ule uitwao Black ulichezewa US Open, mashindano makubwa ya gofu, mwaka 2002 na 2009. Mkazi wa jimbo analipa pungufu kuliko anayetoka nje ya jimbo. Mmarekani anayevuka tu kutoka New Jersey anatozwa sawa na aliyetoka Japani. Hapo kigezo ni makazi, na hakuna anayeweza kusema amebaguliwa kwa taifa lake.

Mzani
Nakubaliana nawe, ila ukaazi nao una mipaka ya kisheria. Ndani ya Umoja wa Ulaya, Agizo la Huduma la mwaka 2006, kifungu cha 20, linakataza masharti yanayombagua mteja kwa uraia au kwa mahali anapoishi, isipokuwa tofauti hiyo ina sababu za msingi zinazopimika. Kabla ya hapo, mwaka 2003, Mahakama ya Ulaya iliihukumu Italia kwa kuruhusu wazee raia au wakazi waingie bure makumbusho huku wazee wengine wa Ulaya wakilipa. Italia ilijitetea kwa hoja ya kodi, ikakataliwa kwa sababu hapakuwa na uhusiano wa moja kwa moja kati ya kodi ile na punguzo lile. Anayeandaa bei za uwanja asome sheria ya pale alipo kwanza, asinakili bango la jirani.

Hesabu_Kwanza
Wanaopenda namba 4 wafanye hesabu hii. Uwanja unaachia kundi la watu wanne kila dakika 10, yaani watu 24 kwa saa. Ti (mahali pa kupigia mpira wa kwanza) inafunguliwa kwa saa sita tu, maana kundi la mwisho linahitaji zaidi ya saa nne za mwanga kumaliza mashimo 18. Nafasi za siku ni 144.

Tuseme mgeni analipa 100 na mwenyeji 40 (weka sarafu yako), na siku ikijaa wageni ni 43, wenyeji 101. Mapato ni 4,300 na 4,040, jumla 8,340. Wastani ni kama 58 kwa mchezaji. Ukifanya 58 iwe bei ya wote, mwenyeji umempandishia asilimia 45. Wenyeji wakipungua hadi 80 na wageni wakabaki 43, unaingiza 7,134. Pengo ni 1,206 kwa siku, na kuliziba kunataka wageni 21 zaidi kila siku, hata siku za katikati ya wiki ambazo watalii ni wachache. Wakati huohuo kukata nyasi na kumwagilia kunagharimu karibu kilekile, wacheze 123 au 144.

Kuna jingine. Mwajiriwa hana uhuru wa kucheza Jumatano mchana kwenye bei rahisi. Yeye anataka Jumamosi asubuhi, saa ambazo mgeni naye anazitaka na bei imepaa. Bei ya saa inaonekana haina upendeleo, kumbe inamtoa mwenyeji kimyakimya.

Mlinda_Bunka
Hapo ndipo namba 3 inaposhinda. Viwanja vya St Andrews, Scotland, ni mali ya umma, vinaendeshwa na dhamana iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974. Mkazi wa mji ananunua tiketi ya mwaka na kucheza hata Old Course, uwanja wake mkongwe, kwa sehemu ndogo ya anacholipa mgeni. Mkazi kalipa mapema, uwanja una fedha mkononi kabla msimu haujaanza, na kwenye meza ya malipo hakuna mabishano kila asubuhi.

Udhaifu wake: anayecheza mara tatu kwa mwaka hanufaiki. Huyo mpe kadi ya ukaazi ya bei ndogo inayomfungulia punguzo la siku, kama wanavyofanya Torrey Pines, uwanja wa jiji la San Diego.

Mkaguzi_wa_Risiti
Bei mbili, kwa kigezo chochote, zinazaa wizi mezani. Karani anapokea 100 kwa mgeni, anaandika 40 za mwenyeji, 60 zinaingia mfukoni. Kuziba:

- Mfumo uanze na bei kamili, na punguzo lije kwa namba ya kadi tu. Kadi iwe na picha na iishe baada ya miezi 12.
- Namba iombwe kwa kila mchezaji wakati wa kuweka nafasi. Ukiomba ya aliyepiga simu peke yake, mwenyeji mmoja atawaingizia wageni watatu.
- Risiti ionyeshe jina na daraja la bei, na msimamizi wa ti ailinganishe na kadi kabla ya mpira wa kwanza kupigwa.
- Jioni linganisha orodha ya ti, risiti na fedha. Kubadili daraja baada ya risiti kutoka kuhitaji msimbo wa meneja.

Angalia pia uwiano kwa zamu. Kama wenyeji huwa asilimia 70 na zamu ya mtu mmoja inaonyesha 85 wiki baada ya wiki, anza kuuliza maswali.

Nyasi_Fupi
Na kundi la mchanganyiko? Mkazi mmoja na wageni wake watatu.

Ti_ya_Kwanza
Kila mtu na bei yake. Ukitaka kuwapa ahueni, weka daraja la tatu la mgeni wa mkazi, mathalani 75 kwenye mfano wa 100 na 40, kwa sharti mkazi acheze nao kundi moja mpaka shimo la 18, na kadi moja isizidi wageni watatu kwa siku. Bila sharti hilo kadi inageuka biashara: mwenye kadi anaweka nafasi, anauza, na hafiki uwanjani.

Hesabu_Kwanza
Nafasi nazo zigawe. Watengee wakazi saa mbili za kwanza za Jumamosi, kisha saa 48 kabla zile ambazo hazijachukuliwa zifunguliwe kwa yeyote kwa bei yake. Kedi na kigari viwe bei moja kwa wote, maana kubeba mfuko wa mgeni hakuna kazi ya ziada.